Mzee Aliyeacha Kukwepa

Tusajigwe wa Igawilo ananiletea maziwa kila asubuhi kwenye kibanda changu cha vitenge pale Uyole. Ni mwanamke wa miaka arobaini, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe tangu utotoni na kichwa kigumu kuliko cha mtu yeyote ninayemjua. Bei yake haishuki. Ukimbembeleza sana anafunga dumu lake anaondoka, na kesho anarudi na bei ile ile kana kwamba hamkugombana.

Siku ya kwanza aliponikaribisha kwao tulikuwa tunapanda kijia katikati ya migomba, yeye anasimulia, mara nikasikia mtu anakohoa mbele yetu. Kugeuka, Tusajigwe hayupo. Alishaingia migombani na dumu lake, kajifunika kitenge kichwani, mgongo kaipa njia. Mzee mrefu mwenye koti akapita upande wa pili, uso kaugeuzia bondeni. Nikadhani wamekosana.

"Tukosane ya nini?" akasema Tusajigwe, akijipangusa majani. "Yule ni baba mkwe wangu, mzee Asukile. Tunaheshimiana."

Ndivyo walivyolelewa. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hata jina lake halitamki; mzee akimwona njiani anakohoa na kugeuza uso, naye anajificha. Siku hizi Wanyakyusa wengi wamelegeza, lakini si katika boma lile. Tusajigwe anapika, anaweka chakula kwenye benchi, anagonga sufuria mara mbili na kuondoka, ndipo mzee anatoka kula. Wameishi hivyo miaka kumi na sita. Mama mkwe alipofariki miaka mitatu iliyopita, wakabaki wawili tu katika boma lile, kwa sababu mume wa Tusajigwe, Ipyana, ni dereva wa lori na nyumbani anafika kama mgeni. Mimi, ambaye babu zangu walitoka pwani, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwaka huu kicheko kiliniishia. Jirani yao, Saulo, alimwona mzee Asukile akija moja kwa moja kijiani bila kukohoa, bila kugeuka, mpaka akamfikia mkamwana wake aliyejificha kwenye migomba na kumshika bega. Saulo hana siri tumboni. Kufika jioni Igawilo nzima ilikuwa inajua kwamba mzee amekosa haya uzeeni. Ndugu wa ukoo wakaitisha kikao Jumamosi, na uamuzi ulikuwa unajulikana kabla ya kikao: mzee ahamishiwe Iringa kwa binti yake Devotha, akae mbali na mke wa mwanawe. Mzee mwenyewe hakujitetea hata kwa neno moja.

Jumatano Tusajigwe alikuja kibandani bila maziwa.

"Mama Naima, yule mzee haoni."

"Nani kasema?"

"Bega langu. Alilipapasa kama mtu anayetafuta nguzo. Halafu juzi nikaweka ndoo nyekundu katikati ya njia. Akaipiga teke."

Hospitalini mjini, alisema, kulikuwa na madaktari wa macho waliokuja kutoa mtoto wa jicho. Wangeondoka Ijumaa. Nikamwambia basi twende tukawaeleze wazee wa ukoo. Akakataa kabisa.

"Siwezi kumtangaza mkwe wangu kama mbuzi aliyepotea. Atasema mwenyewe, au ataona mwenyewe. Twende ukanisaidie."

Nikafunga kibanda. Tulimkuta mzee amekaa nyuma ya banda la ng'ombe akiota jua. Tusajigwe akapita upande wa pili, akachuchumaa chini ya ng'ombe na kuanza kukamua. Kati yao ulikuwepo ukuta wa mabanzi. Mimi nikakaa juu ya ndoo, nisijue niangalie wapi.

"Wewe ng'ombe, sikiliza," akasema kwa sauti. "Kuna mtu hapa nyumbani macho yake yamekufa, anadhani hatujui."

Kisha ikatoka sauti kavu nyuma ya mabanzi.

"Ng'ombe, mwambie huyo anayekukamua asiseme asichokijua."

"Ng'ombe, mtu anayeona hapigi teke ndoo nyekundu."

Mzee akahema. "Mwambie, wakijua sioni watanipeleka Iringa, nikakae kwenye kochi kusikiliza televisheni. Mke wangu nimemzika pale chini ya miparachichi. Siendi popote."

"Ng'ombe, mwambie Jumamosi watampeleka hivyo hivyo, tena na aibu juu yake. Bora aende hospitali kesho."

"Nani wa kunipeleka? Ipyana lori limemfia Nyololo."

"Nitakupeleka mimi!"

Hapo alimsahau ng'ombe. Nilimwona akiziba mdomo kwa mkono wenye maziwa, macho yamemtoka. Miaka kumi na sita, na neno la kwanza lilikuwa hilo. Nilitamani kucheka, nikajikuta nalia.

Mzee akasema, polepole, "Ng'ombe, mkamwana hamshiki mkono baba mkwe."

"Ng'ombe, mwambie sitamshika."

Alfajiri ya Alhamisi Tusajigwe alikata mwanzi mrefu. Yeye akashika ncha ya mbele, kitenge kichwani, uso barabarani. Mzee akashika ncha ya nyuma. Wakashuka hivyo hadi lami, mimi nikifuata na kapu la nguo. Watu walisimama milangoni. Saulo, mswaki mdomoni, akapaza sauti:

"Tusajigwe, leo mila imekwisha?"

"Mila iko hapa, hatua sita," akamjibu bila kusimama. "Njoo upime."

Kwenye bajaji alikaa mbele na dereva. Mimi na mzee nyuma, na mwanzi ukatoka nje kama ngazi ya fundi.

Mapokezi, nesi akauliza jina la mgonjwa. Tusajigwe akanitazama mimi. Nesi akarudia, safari hii kwa ukali. Nikamtajia mimi, nikiguna moyoni kwamba mila hizi zitaua mtu. Kisha nesi akataka na jina la mume wangu, kwa kuwa namba ya simu niliyompa ilikuwa yake.

"Andika Baba Naima," nikasema.

"Jina lake, mama."

Halikutoka. Miaka ishirini ya ndoa sijawahi kulitamka, nilivyofundwa na bibi yangu, na hata hapa silitaji. Tusajigwe alicheka hadi akaegemea ukuta.

Wakamfanyia jicho moja siku hiyo hiyo. Ijumaa bandeji ikatolewa, akarudi nyumbani na miwani myeusi, bado ameshika ncha ya mwanzi. Nilimuuliza kama anaona. "Mama Naima, subiri," akasema, akanyamaza njia nzima. Tusajigwe hakuwa na wa kumuuliza. Usiku ule alinipigia simu mara tatu. Aliogopa, na hakuficha.

Jumamosi nilikwenda. Ndugu wa ukoo wamekaa uani, Saulo kaitwa kama shahidi, na Devotha alishafika kutoka Iringa na begi tupu la kubebea nguo za baba yake. Mdogo wake mzee, Fanueli, akafungua kwa sala ndefu, kisha akaanza: kaka yetu ametutia aibu, amesahau mipaka. Mzee Asukile alikaa mkono juu ya goti, miwani usoni.

Katikati ya maneno, akavua miwani, akasimama. Akaenda mpaka ukutani, akaupa ukuta uso, akakohoa.

"Unakwenda wapi nasi tunaongea?" Fanueli akauliza.

Tukageuka kutazama. Chini kabisa, kwenye kona ya kijia, mbali kiasi kwamba hakuna mwingine aliyekuwa amemwona, Tusajigwe alikuwa anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe.

Alisikia kikohozi kile. Akasimama. Mzigo ukamwanguka, akaingia migombani na kutugeuzia mgongo, na tuliona mabega yake yakitikisika. Wakabaki hivyo, mmoja ukutani na mwingine migombani. Saulo ndiye wa kwanza kuinamisha kichwa. Fanueli akaketi, sala ya kufunga hakuikumbuka. Devotha alilikunja begi lake taratibu, akamfuta baba yake machozi.

Jioni, Tusajigwe akikamua, mzee alikuja akakaa nyuma ya mabanzi. Nilikuwepo, nasubiri maziwa yangu.

"Ng'ombe," akasema, "mwambie huyo mtu amekonda sana. Ale."