Kanyagio la Kushoto

Wanafunzi walimwita Bi Nyuzi, na jina likamkaa. Tangu utotoni hakujua kazi nyingine ila kinubi. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekomaa hata akashika kikombe cha chai ya moto mkono mtupu, huku wenzake wakimpigia kelele. Vidole havikumtia wasiwasi. Kilichomkosesha usingizi ni mguu wa kushoto.

Ulianza kufa ganzi kidogo kidogo, kwanza kidole gumba, kisha wayo mzima. Na kinubi kikubwa, jamani, hupigwa kwa miguu pia! Chini yake kuna makanyagio saba ya shaba ya kupandisha na kushusha sauti za nyuzi, matatu ya mguu wa kushoto na manne ya kulia. Ukishindwa kulikalisha moja vizuri, uzi unalia kama nyuki ndani ya chupa, na ukumbi mzima unasikia.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa nesi, na ndiye pekee aliyeambiwa.

"Wifi, una sukari, halafu mguu una ganzi. Hapo hakuna mzaha. Nenda kapimwe."

"Nitaenda, wifi, nitaenda."

Aende wapi! Aliogopa mno. Kichwani mwake daktari alikuwa ameshaushika msumeno, na bila mguu, kinubi ndiyo kwaheri. Basi akajipa ahadi ya ajabu: nikimaliza onyesho la Jumamosi bila kukosea kanyagio, mguu ni mzima, na daktari sina haja naye. Akili gani hiyo? Akili ya mtu aliyeshikwa na hofu, na ukimwuliza atakuapia ni akili nzuri kabisa.

Onyesho lilikuwa la kinubi peke yake, kwenye ukumbi wa chuo alichofundisha. Angeanza na watunzi wa kale na kushuka karne kwa karne hadi wa juzi. Nyumbani watunzi hao walipewa majina ya utani kama wakwe: Kipofu, aliyezunguka na kinubi chake kidogo majumbani mwa wakubwa, Mwalimu wa Mabinti, mwenye nyimbo tamu za sebuleni, Mpanda Ngazi, aliyetaka kila uzi uguswe, na Mkorofi, mtunzi wa zama hizi, ambaye miguu kwake haipumui. Kipofu hakumtisha hata kidogo, maana kinubi cha enzi zake hakikuwa na makanyagio. Ila Mkorofi, Mungu wangu!

Asubuhi ya Jumamosi waya mmoja mnene wa sauti za chini ukakatika. Akafunga mwingine, akaukaza, na mumewe, seremala aliyestaafu, akashika koleo kukata mkia uliozidi. Tii! Kipande kikaruka. Mzee akapiga magoti, akapapasa zulia, akainua kiti, akasogeza viatu vyembamba vya kupigia vilivyokuwa chini ya kinubi.

"Kimeingia wapi hiki kishetani? Kitamchoma mtu."

"Achana nacho, baba watoto, tutachelewa." Akavitia viatu mkobani.

"Na wewe punguza kukanyaga. Siku hizi unakanyaga kama unaua mende."

Bi Nyuzi alijitia hamnazo. Kumbe anasikia!

Ukumbini akavaa viatu vyake, akakaa, akapiga moyo konde. Kipofu alipita salama. Mwalimu wa Mabinti akapita, watu wakitikisa vichwa taratibu. Kwa Mpanda Ngazi jasho jembamba lilimtoka mgongoni, kwa sababu wayo haukumwambia kitu. Akawa anachungulia chini kama mtu aliyedondosha sindano, na kuusikilizia mguu gotini, ambako ganzi haikufika. Akamfikia Mkorofi. Kushoto, kulia, kushoto, kushoto tena! Kila kanyagio akalisubiri lilie vibaya. Halikulia. Nyuzi za mwisho zikanyamaza, na watu wakasimama wakipiga makofi.

Aliingia chumba cha nyuma karibu anaruka.

"Umeona? Hakuna hata moja nililokosea! Mguu wangu mzima, mzee wangu, mzima kabisa!"

"Nani alisema mbovu?" Mzee alishangaa. "Haya, kaa nikuvue viatu, tuondoke."

Akapiga magoti kama afanyavyo kila baada ya onyesho. Cha kulia kikatoka. Cha kushoto kikang'ang'ania. Akakivuta kwa mikono miwili, kikatoka.

"Mama watoto. Inauma?"

"Nini inauma?"

Mzee akauinua mguu. Soksi ilikuwa imelowa damu hadi kisiginoni. Akaivua polepole, na katikati ya wayo kikaonekana kipande cha waya kilichozama, ncha tu iking'aa. Akakichomoa kwa kucha. Bi Nyuzi alikuwa akimtazama usoni, hivyo akajua kimetoka kwa sababu tu mzee alikunja uso.

Mzee akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kile cha asubuhi. Alikuwa amekikanyaga tangu Kipofu hadi Mkorofi.

Nje watu bado walikuwa wakimsifu. Machozi yakamlengalenga, na mkono wake ukamtafuta mumewe begani.

"Mpigie simu dada yako," akasema. "Mwambie naja leo."