Sheria ya Majivu

Siku yangu ya kwanza kazini nilijikata kidole gumba hata kabla ya saa tatu asubuhi. Baba alinipa kitambaa, akanionyesha tena namna ya kushika mkasi wa bati, akaniambia nimalizie mstari. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza darasa la saba. Kaka yangu Masatu, ambaye ukoo mzima ulijua kwamba ndiye mrithi wa nyundo, alikuwa amekwenda Bunda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kwa hiyo karakana yetu ya Iringo, hapa Musoma, ikabaki na baba na mimi. Majirani walisema nipo pale kwa muda tu. Nimekaa miaka arobaini na kitu, na majirani hao hao nimewafulia ndoo za bati hadi wamezeeka.

"Ukivuka mlango huu mimi si baba yako," aliniambia siku hiyo. "Mimi ni Fundi Mkuu. Na hapa hatuliliagi damu, tunalilia bati."

Vijana wa leo mkisikia ufundi bati mnafikiri ni kupigilia paa. Hapana. Sisi tulifua ndoo, makarai, masanduku ya wanafunzi wa bweni, matanki, na magata ya kukinga maji ya mvua. Meza yetu ilikuwa kipande cha reli kilichopigiliwa kwenye gogo lililochimbiwa ardhini, na juu ya reli hiyo ndipo tulipopiga pindo, yaani kukunja kingo mbili za bati zishikane kama vidole vya watu wanaosali. Pindo likishakaa tulipaka tindikali kuondoa uchafu, kisha tukalehemu kwa risasi iliyoyeyushwa. Haraka haina nafasi hapo.

Halafu ilikuja sheria ya majivu. Kila chombo cha maji kilijazwa asubuhi na kuwekwa juu ya majivu makavu yaliyochekechwa. Mchana kinanyanyuliwa. Majivu yakiwa meupe, mteja anabeba mali yake. Yakiwa na doa, hata dogo, aliyekifua anakiponda mwenyewe kwa nyundo kubwa, mteja akiwa anatazama. Hakuna kuziba wala kupaka lami. Mwaka wangu wa kwanza niliponda ndoo nyingi kuliko nilizotoa, na niliponda nikilia.

"Bati halidanganyagi," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Mtu ndo anadanganya."

Kazi yangu ya kwanza nje ya Musoma ilikuwa Bunda, kufunga magata kwenye ghala la kiwanda kilekile cha pamba. Nilivaa suruali kuukuu ya Masatu chini ya gauni, nikapanda ngazi. Meneja wa ghala akatoka ofisini mbio.

"Mzee, umeniletea binti apande paa langu?"

"Nimekuletea fundi," baba akajibu. "Kama unataka mwanaume, mwanaume wangu yuko humo ndani anafunga marobota yako. Muulize kama anajuaga kupiga pindo."

Meneja akarudi ofisini. Masatu mwenyewe alisikia, na nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomrudisha nyumbani mwaka uliofuata. Nilifurahi kumwona, ila nyundo sikumpa.

Sasa niwasimulie kosa langu, maana anayejisifu bila kutaja kosa lake ni mwongo. Tulipata kazi ya magata ya shule moja upande wa Butiama, na baba akanituma mimi niwe msimamizi, Masatu awe msaidizi. Gata huunganishwa kipande kwa kipande, na kipande cha juu lazima kiingie ndani ya kile cha chini, ili maji yapite juu ya kiungo bila kukichungulia. Nilivipanga vizuri kuelekea tanki. Kisha msimamizi wa ujenzi akakuta mwamba, akahamishia tanki upande wa pili wa jengo. Nikageuza mteremko. Viungo sikuvigeuza. Kila mdomo wa kiungo sasa ulikuwa umefunguka kuyapokea maji, nami sikuona.

Mvua ya kwanza ilivujisha kila kiungo. Nikajidanganya kwamba risasi haijakaa. Ya pili ikachora ukuta mpya kwa matope, wiki ileile wazazi walipokuwa wanakuja kukabidhiwa madarasa.

"Dada, tupake lami," Masatu akasema. "Nani atapanda huko juu kuangalia?"

Niliogopa, siwafichi. Nilijua watu wangesema, si tuliwaambia, kazi ya bati si ya mwanamke. Lakini nilijua pia kwamba siku nikipaka lami nitakuwa nimewathibitishia. Nikapanda, nikashusha vipande vyote kumi na vinne, nikaviponda uwanjani mbele ya mwalimu mkuu na wazazi waliovaa nguo za kanisani. Mama mmoja alifunga macho.

Baba alifika kwa basi kesho yake. Alilizunguka lile rundo la bati, akaokota kipande kimoja, akakigeuza.

"Umechelewa," akasema. "Mvua ya kwanza ilishakuambia, wewe ukasubiri ya pili." Kisha akatoa ufunguo wa karakana mfukoni, akanipa, Masatu akiwa amesimama hapo hapo. "Reli ni ya huyu. Mwenye neno aseme sasa."

Masatu akainama kukusanya mabati. Wazee wa ukoo ndio waliosema, baada ya mazishi ya baba kule Nyegina: binti ni wa kwa mume wake. Niliwaambia anayeitaka reli aje aing'oe. Ilikuwa imechimbiwa futi tatu na hakuna aliyekuja na jembe.

Matanki ya plastiki yalipoingia mjini watu waliniambia nifunge karakana. Nikamfundisha binti yangu Nyamisi kazi. Wakacheka kwamba naongeza kosa juu ya kosa. Waliocheka wengi wana matanki yaliyopasuka kwa jua, na magata yao nayafunga mimi.

Mwaka jana mteja wangu wa siku nyingi, mama mmoja wa mtaa wa Mwisenge, aliagiza ndoo. Nikasema hii naifua mwenyewe. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka na sikumwambia mtu. Mchana tuliponyanyua ndoo, majivu yalikuwa na doa la ukubwa wa kifuniko cha soda.

"Aah, Mama Nyamisi, si kadogo tu," mteja akasema. "Nitawekeaga mahindi."

Niliinua nyundo kubwa. Ilifika magotini ikarudi chini. Nikajaribu tena.

"Naomba nyundo, mama," Nyamisi akasema.

"Sheria inasema aliyefua."

"Sheria inasema isitoke mlangoni."

Aliiponda kwa mapigo matatu. Nilikasirika, jamani. Siku mbili sikula naye meza moja. Siku ya tatu nikampa ufunguo.

Kesho yake asubuhi miguu ilinipeleka karakana kwa mazoea, nikanyoosha mkono kuchukua mkasi.

"Mama," Nyamisi akasema bila kuinua macho, "ukivuka mlango huu mimi si binti yako."

Nikaurudisha mkasi mezani.

"Sawa, Fundi Mkuu. Nipe kazi."

Akanipa chekecheo na ndoo ya majivu.