Moto Ambao Hakuuona

Wateja walimwita Mama Vidole kwa wepesi wake wa kusuka, na ulimi nao haukuwa nyuma. Aliyekaa kwenye kiti chake hakutoka bila hadithi, na hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya siku nyumba yao ilipoungua.

"Nilikuwa kitoto, nimelala. Nikashtukia baba ananifunika blanketi lililoloa maji, kanitupa mgongoni, huyoo, dirishani! Lile blanketi lilinikwaruza shavu. Mpaka leo nikifumba macho nalisikia."

Wateja walishika vinywa. Lakini hakuwaambia kwamba baba alifariki mwaka uliofuata, na kwamba hakuwa na kingine cha kumkumbukia. Sauti yake hakuijua. Sura aliijua kwa picha. Mgongo ule ndio uliokuwa baba.

Likizo moja dada yake mkubwa, aliyeishi mbali, akaja kumtembelea. Akaketi saluni akisubiri wafunge waende nyumbani. Mama Vidole, mikono kichwani mwa mteja, akaanza hadithi yake. Alipofika dirishani, dada akaangua kicheko.

"We mtoto, acha hizo! Aliyebebwa ni mimi. Wewe hata hukuwepo."

"Sikuwepo vipi, na mimi nakumbuka?"

"Ulikuwa kwa bibi, unaumwa surua. Mimi ndiye niliyekusimulia, tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. Ilikuwa kila siku, 'Dada, niambie tena ya moto.'"

Mteja akajifanya anasoma simu. Mama Vidole akaendelea kusuka hadi kichwa kikaisha.

Nyumbani wakampigia shangazi yao, dada wa marehemu baba, simu wakaiweka mezani wasikie wote.

"Aliyebebwa ni huyo mkubwa," shangazi akasema. "Wewe ulikuwa kwa mama yangu, bibi yenu, mwili mzima vipele. Ila hilo dirisha mmelitoa wapi? Kaka yangu alipita mlangoni. Madirisha yote yalikuwa na nondo!"

Dada akaduwaa. "Shangazi, nilipitishwa dirishani. Naliona mpaka leo!"

"Basi endelea kuliona, mwanangu."

Dada akacheka tena, safari hii kwa kujicheka. Mama Vidole hakucheka.

"Wewe umepoteza dirisha," akasema. "Mimi nimempoteza baba."

Kesho yake dada akaondoka.

Miongoni mwa wateja wa saluni alikuwamo mwalimu wa saikolojia wa chuoni. Siku aliyokuja, Mama Vidole alimweleza yote, kisha akauliza, "Kwa hiyo miaka yote mimi ni mwongo?"

"Mwongo anajua kwamba anadanganya. Wewe ulisimuliwa ukiwa mdogo, ukaona picha kichwani. Picha ikabaki, ila nani alikupa ukasahau. Halafu kumbukumbu si nguo ya kabatini, ukiitoa iko vile vile. Kila ukikumbuka unaishona upya, na ukikosa kipande unatia chochote kilicho karibu. Wewe umetia shavu lako, dada yako katia dirisha."

"Sasa nimeshajua. Itaondoka?"

"Huenda isiondoke. Mtu anaweza kujua jambo halikumpata, na bado akaliona."

Ndivyo ilivyokuwa. Alifumba macho, blanketi likamkwaruza kama kawaida yake.

Jioni moja, saluni ikiwa tupu, akampigia dada.

"Niambie kuhusu baba. Si ya moto. Kitu kingine."

Dada akafikiri. "Alikuwa hajui kupiga mluzi. Akijaribu, unatoka upepo mtupu. Basi sisi tunacheka mpaka tunakaa chini."

"Sisi nani?"

"Mimi na wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyekuwa unamwambia arudie."

Mama Vidole akapekua kichwani kila pembe. Hakukuta mluzi wala kicheko.

"Sikumbuki, dada."

"Najua. Lakini hapo ulikuwepo."

Akavuta kiti cha wateja, akakaa. "Haya, endelea," akasema.