Thriller ya mume wangu: niliuliza swali kwa simu, akajibu mbele ya ukumbi mzima

Wakuu, hamjambo huku ndani? Huu ni uzi wangu wa kwanza na sitaongeza chumvi hata punje.

Nauza mitumba hapa Machakos mjini. Mume wangu, tumwite Baba Mumo, ni fundi wa simu, na kuigiza ni hobby yake.

Tuna watoto wawili, Mumo na Ndanu, lakini hajawahi kupeleka mbuzi wa ntheo kwetu. Wasio Wakamba mjue hivi: bila wale mbuzi, kwa mila wewe si bibi ya mtu. Wewe ni mgeni aliyekaa sana. Kila nikimkumbusha ananiambia ningoje kidogo.

Sasa kikundi chao kikaleta thriller mpya. Mwanamke amepotea, mshukiwa ni mumewe, na huyo mume anaigizwa na Baba Mumo. Watazamaji ndio wapelelezi. Kabla ya onyesho, page yao ilikuwa inatupia "ushahidi" na watu wanabishana kwa comments kama kesi ya kweli.

Nilikuwa naifurahia, hadi page ikaweka voice note. Sauti ya mume wangu, chini chini: "Usinipigie nikiwa nyumbani."

Nikamuuliza. Akacheka. "Ni script hiyo, Mama Mumo."

Haya. Lakini hata simu zake mwenyewe alikuwa anapokelea nje. Script gani hiyo ya nje?

Jumapili moja akavaa viatu vyake vya kwenda harusini, akasema anaenda mazoezi. Akarudi na manyoya ya mbuzi kwa suruali. Kesho yake page ikaweka picha za mazoezi ya hiyo Jumapili. Nilizoom kila uso. Hakuwako.



Siku ya onyesho nikaketi nyuma. Sheria yao ni kwamba swali likitoka kwa simu ya mtazamaji linaonekana kwa screen, na mshukiwa lazima ajibu hapo hapo. Jina la muulizaji halionekani. Nikaandika: "Jumapili hukuenda mazoezi. Ulikuwa wapi? Mumo na Ndanu wanauliza."

Alisoma. Akatazama viti vya nyuma.

"Nilikuwa Tala," akasema. "Nilipeleka mbuzi kwao."

Mtu akapiga kelele, "Kwao nani?"

"Kwao Syombua."

Kwa huo mchezo hakuna mwanamke anayeitwa Syombua, na mimi kwetu si Tala. Mwigizaji mwenzake aliangalia sakafu. Ukumbi ulilipuka kwa makofi na miluzi, na mama aliyeketi kando yangu akanigusa bega: "Woi! Huyu jamaa anajua kuigiza!"

Nikapiga makofi pia. Sijui kwa nini. Niliumia, wakuu, sitawaficha.

Funzo ni hili: jambo la nyumbani liulizie nyumbani. Mbele ya watu, uchungu wako utakuwa burudani yao. Ile clip ndiyo ina likes nyingi kuliko zote kwa page yao.

Baba Mumo anaapa kwamba alikuwa ana-improvise tu, jina lilimjia kichwani.

Nikamwambia sawa, basi Jumamosi twende Tala sisi wawili, tutembee sokoni mchana kutwa, watu watuone pamoja.

Amesema Tala kuna vumbi sana.

Semeni wakuu, hasa nyinyi wa Tala. Hilo vumbi limeanza lini?