Boriti ya Fundi Ndoo

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya vibali, ofisi ya ujenzi hapa Iringa, alipoingia fundi bati wa sokoni, yule anayetutengenezea ndoo. Kwapani alikuwa na boriti aliyoikunja kwa nyundo, bila moto, kutokana na bati la pipa kuukuu.

"Kamwene," alisalimu. "Hii ni ya kubeba paa la darasa tunalojenga shuleni kwetu. Naomba kibali."

Karani alicheka. "Bati, mzee? Paa litawaangukia watoto." Akailaza boriti ubavu juu ya matofali mawili, akaikanyaga. Ikanesa kama kitanda cha kamba. Foleni nzima tukacheka.

Fundi hakukasirika. "Umeilaza, mwanangu. Boriti husimama." Akaisimamisha kwa upande wake mwembamba juu ya matofali yaleyale, kisha akapitisha kidole kwenye kingo alizozikunjia ndani. "Na huu ni mdomo wa ndoo. Ndoo isiyokunjwa mdomo hujipinda siku ya kwanza kisimani. Haya, panda."

Karani akapanda. Fundi akamwita tarishi naye apande, kisha akanipungia mimi. Tukawa watu wazima watatu juu ya bati, na bati kimya!

Bwana mkaguzi alitoka ofisini kwake, akapiga magoti, akaweka rula chini ya boriti. Haikuwa imepinda. Akamtazama fundi. "Umesomea wapi kazi hii?"

"Kwenye ndoo, Bwana."

Muhuri wa kibali ukapigwa hapohapo.

Jioni mke wangu alinikuta jikoni nikipapasa mdomo wa ndoo yetu kwa kidole. Miaka yote hii, wasomaji wangu, nilidhani nimenunua chombo cha maji tu.