Amen za mwethya karibu zimalize mbuzi za susu

Ting. Ting. Ting-ting-ting.

Wakuu, hiyo sauti bado naisikia, na leo nawaandikia mambo vile yalikuwa, sijaongeza chumvi. Ilikuwa simu ya susu, nyanya yangu mzaa mama, juu ya meza ya jikoni huku Kalamba, Makueni. Mimi nilikuwa nachagua pojo. Nikadhani kuna mtu amefariki, maana group ya mwethya hulia hivyo kukiwa na msiba.

Kwa wale si wa huku: mwethya ni kikundi cha akina mama wanaosaidiana kazi. Leo tunachimba matuta kwa shamba lako, wiki ijayo kwangu. Siku hizi mwethya iko pia WhatsApp.

Hakuna aliyekufa. Ilikuwa voice note.

Mama mmoja wa sauti tamu anaongea Kikamba. Anaanza na maombi, anaomba mpaka unataka kulia. Halafu anasema ile chanjo ya mbuzi inayokuja Alhamisi imeletwa na nchi za wazungu zikishirikiana. Mbuzi akidungwa atatupa mimba, na msichana akinywa maziwa yake hatawahi kuzaa.

Sasa sisi tuko na katabia. Ujumbe ukianza na maombi, unajibu Amen. Hungojei mwisho. Ukinyamaza, Jumapili utaulizwa kama bado umeokoka. Kwa hivyo wale mama walisikia "Baba wa mbinguni", wakabonyeza Amen, wakarudi kwa sufuria zao.

Susu akaangalia zile Amen, akanigeukia. "Mwenyekiti amekubali. Mama Kioko amekubali. Mbuzi zangu haziendi."

"Susu, hao hawajakubali, wameitikia maombi tu!"

"Kwani wewe huitikia kitu hujakubali?"

Na kinachouma ni kwamba susu alikuwa na sababu. Chanjo iliyopita, mbuzi wake Kaveti alidungwa, akafa, akaacha mtoto. Hakuna mtu alirudi kueleza. Kengele ya Kaveti bado ilikuwa imening'inia kwa msumari jikoni. Na ugonjwa ambao chanjo hii inakinga ulikuwa umeshafika ng'ambo ya mto: mbuzi wanakohoa, wanatoa makamasi, zizi linaisha. Mbuzi zikiisha, susu hana kitu cha kumwamsha asubuhi.

Mimi huyo mama wa voice note nilimshuku mara moja. Niliwahi kuitwa workshop Kwa Vonza, upande wa Kitui. (Ndoto yangu ni kutangaza redio. Shule niliishia form four, lakini mahali kuna microphone mtanikuta.) Nchi kadhaa zenye urafiki, zile za kupiga kura na kubadilisha viongozi, zilikuwa zimeungana zikatuma watu watufunze. Wakatuonyesha vile serikali fulani ya mbali hulipa watu watengeneze uongo kwa lugha zetu, ili tuwachukie wale inaoshindana nao. Walituonyesha page moja yenye picha za wacheza ngoma wa Kikamba, na inaendeshwa huko huko mbali.

Sasa nikaifungua hiyo page. Voice note yetu ilikuwa hapo juu kabisa.

Wakuu, nilifurahi! Nikajiambia, leo niko na nchi nzima nzima nyuma yangu. Nikampigia coordinator wa ile workshop.

"Asante kwa kutuambia," akasema. "Lakini statement lazima ipitishwe na partners wote."

"Chanjo ni Alhamisi."

"Noted."

Noted! Hebu mtu aniambie mbuzi anakula noted?

Statement ilikuja, Amen zikiwa zimeshajaa group. PDF, Kizungu kitupu, bendera zimepangwa chini kama kuku wa tambiko. Inasema wanasisitiza kujitolea kwao kwa mazingira bora ya habari. Nikamtafsiria susu. Akasikiza kwa adabu, kisha akauliza, "Imesema nini juu ya Kaveti?"

"Haijataja mbuzi, susu."

"Basi wamemwandikia nani?"

Nikaamua kupigana mwenyewe. Nikaandika kwa group, herufi kubwa: HUO NI UONGO WA SERIKALI YA NJE. Mwenyekiti akajibu, "Wewe mtoto, unakataa maombi?" Kufumba na kufumbua, nimetolewa kwa group.

Jumatano mwethya ilikuwa kwa Mama Kioko. Nikaenda na jembe langu, maana shambani hakuna admin. Tulipokaa kunywa uji nikamwomba mwenyekiti, kwa heshima zote, atuchezee ile voice note mpaka mwisho. Akacheza. Ikaisha. Nikauliza lile swali ambalo huku mgeni yeyote huulizwa kabla apewe kiti:

"Huyu mama ni wa ukoo gani?"

"Si ni wa kwenu?" Mama Kioko akamuuliza mwenyekiti.

"Wa kwetu wapi? Hicho Kikamba ni cha Kitui. Mimi nilitumiwa na dada yangu wa Kabati, huko Kitui."

Tukampigia dada yake, loudspeaker. Akashtuka. "Mimi? Nilidhani ni mtu wenu wa Makueni! Huku tumesema huyu anaongea kama watu wa Kalamba!"

"Haiya," Mama Kioko akasema, "kumbe tumemwitikia Amen mtu hana kwao?"

Wakacheka mpaka uji ukamwagika. Mwenyekiti hakucheka.

Susu pia hakucheka. "Hata kama hana ukoo," akasema, "Kaveti alikufa."

Hapo ndipo akili ilinifunguka. Ule uongo ulipata mlango wazi, na mlango tuliuacha sisi wenyewe, Kaveti alipokufa bila mtu kueleza.

Nikampigia afisa wa mifugo. Akaja na pikipiki jioni hiyo, akakaa kwa kigoda, kofia mkononi. "Susu, Kaveti alikuwa ameshaanza kuugua siku ile. Tulifaa kumwangalia kwanza. Hatukumwangalia, na hatukurudi. Pole sana. Na dawa imelipwa na hizo nchi zinazotajwa, hiyo ni kweli, sikufichi."

Susu akamsogezea kikombe. "Kunywa chai," akamwambia.

Alhamisi susu alipeleka mbuzi zake zote. Mama Kioko pia. Mwenyekiti hakupeleka. Aliitikia mbele ya watu, angerudi nyuma aje? Sasa zake zinakohoa. Sifurahii, wakuu, hata kidogo. Jana nilimbebea maji na hatukutaja mambo ya group.

Kwa hivyo kama kuna mtu wa hizo nchi marafiki anapita hapa: tunashukuru kwa workshop, chapati zilikuwa nzuri. Lakini uongo ulikuja kwa sauti, kwa Kikamba, na maombi juu. Nyinyi mkaja na PDF mkiwa mmechelewa. Mnaungana kuandika, unganeni basi kuharakisha. Mpeni kazi mtu tunayejua kwao. Semeni nani amelipa. Na mkikosea, rudini mseme mlikosea, kabla mtu wa mbali aje kutusemea.

Wenzangu, huko kwenu mnajibu aje uongo uliofungwa na maombi? Admin wa group za kanisa, nyinyi hasa nawangoja. Hata kunichapa, nichapeni.

Kabla niandike haya, susu alikuwa amelala kidogo. Nikatoa ile kengele kwa msumari, nikaipangusa masizi kwa leso yangu, nikaenda zizini peke yangu, nikamfunga nayo mtoto wa Kaveti.