Tanga Nililolinyoosha

Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa mashua yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Baba yangu alikuwa fundi cherehani pia, na katika ukoo wetu simjui mtu aliyewahi kuendesha hata mtumbwi. Lakini pale Wandegeya, mtaani kwetu Kampala, tuliitwa watu wa pwani. Babu wa babu yangu alikuja Buganda na msafara wa biashara, kwa miguu, akaoa, akazikwa huku huku. Bahari tuliijua kwa kusimuliwa tu. Sasa jaribu kumweleza hivyo mtu wa Kampala. Kwake yeye, ukivaa kanzu na ukasema Kiswahili cha nyumbani kwetu, basi maji umeyajua tangu tumboni mwa mama yako. Nami badala ya kukanusha nilijivuna, na majivuno ndiyo yaliyoniponza.

Mwaka ule Wahindi walipopewa siku tisini wawe wameondoka, mwalimu mmoja wa Kihindi, mteja wangu wa miaka mingi, alikuja dukani akitaka suti mbili nzito za nchi ya baridi. Alisema ana mashua ndogo ya tanga kule Luzira, ufukweni mwa ziwa, kuukuu, na kwa kuwa hawezi kuibeba, ataniachia nikimshonea suti.

"Fundi, wewe mtu wa pwani," aliniambia. "Itakutambua."

Nikakubali kabla sijaiona. Mke wangu alinikumbusha habari za watu wanaouziwa mbuzi ndani ya gunia, nikamwambia haya si mambo ya mbuzi.

Mashua ilikuwa imebanduka rangi na inaingiza maji kwenye mshono wa ubavuni. Wavuvi wa pale walinionyesha namna ya kuziba nyufa kwa pamba na lami, wakicheka, lakini walinionyesha. Tanga nililifunga nyuma ya baiskeli nikaenda nalo dukani, maana hilo ndilo nililolielewa. Kitambaa ni kitambaa.

Nililitandaza sakafuni, likakataa kulala. Lilivimba katikati kama chapati juu ya kikaango. Ukilibana upande huu linainuka upande ule. Nikachunguza mishono. Vipande vyote vilikuwa vimeunganishwa kwa mshono uliopinda, mpana miishoni na mwembamba katikati. Nikasema moyoni, aliyeshona hiki alikuwa amelewa. Mimi nimefundishwa kwa kupigwa rula vidoleni: koti likivimba mgongoni, lifumue. Basi nililifumua tanga lote, nikanyoosha kingo kwa chaki na rula, nikalishona upya mshono kwa mshono. Nilipolitandaza tena lililala kama shuka iliyopigwa pasi. Nilifurahi kuliko siku niliyomaliza suti yangu ya kwanza.

Jumapili nilikwenda Luzira kujifunza. Mashua ilisinzia. Upepo ukivuma nyuma yake ilisogea kidogo, lakini kubisha, yaani kwenda mbele huku upepo unakukabili, kuliishinda kabisa. Nilikuwa nimewaona Wazungu wakifanya hivyo na mashua ndogo kuliko yangu. Yangu ilielea pale pale, tanga limening'inia, na kila mara nilirudi kwa kupiga kasia. Nikaamua kwamba mwalimu alinipunja. Alikuwa ameshaondoka, kumlaumu kulikuwa rahisi.

Kisha nchi ikabana. Watu wa usalama, wenye miwani myeusi, walikuja mchana kweupe, wakamtia mtu ndani ya buti ya gari, na sisi majirani tukainamisha vichwa juu ya kazi zetu. Nilijifunza kutoinua macho gari likisimama nje. Nilishona huku nikihesabu milango inayofunguliwa. Ziwani nako kahawa ilivushwa kwa magendo kwenda Kenya, na ikasemekana wanajeshi wa doria wanapiga risasi chombo chochote kisicho na maelezo. Wenye mitumbwi walikuwa na nyavu na samaki. Mimi nilikuwa na tanga jeupe na maelezo gani? Nilitaka kuizamisha mashua ile, lakini niliogopa nitaonekana ninaizamisha.

Ndipo akaja mdogo wake mke wangu. Alikuwa karani wa maktaba chuoni, kijana mpole, mwembamba wa mabega. Kila koti nililomshonea lilitaka kuongezwa pamba. Wenzake wawili wa ofisi moja walikuwa wamechukuliwa wiki hiyo, na mlinzi wa lango alimnong'oneza kwamba jina la tatu ni lake. Alikaa kwenye kiti cha wateja akiwa ameshika magoti.

"Shemeji," aliniuliza, "ile mashua yako inafika wapi?"

Alitaka nimfikishe visiwa vya Buvuma tu. Huko kulikuwa na wavuvi wa kumvusha hadi Kenya. Hakuweza kupitia gati la wavuvi, kwa kuwa hapo kila abiria aliulizwa kipande cha kujitambulisha. Mimi nilikuwa nimezoeleka, mtu wa pwani na kichaa chake cha Jumapili. Mke wangu alisimama mlangoni na bakuli la unga. Alinitazama tu, na mimi sikuwa na namna ya kusema sitaki. Nilimwambia shemeji anipe siku moja nijaribu tena kama inaweza kubisha, kwani upepo wa njia ile ungetukabili.

Nilikwenda kesho yake, siku ya kazi, nami nilizoeleka kwa Jumapili tu, na hilo lilikuwa kosa. Sikuwa nimemaliza kufunga kamba ya tanga niliposikia buti nyuma yangu. Walikuwa wanajeshi watatu na sajini wao. Macho yangu yalishuka chini, kama yalivyozoea, yakaangukia pindo la suruali ya sajini. Ulikuwa mshono wangu. Nilikuwa nimeifupisha mwezi uliopita, naye hakunikumbuka.

"Wewe nakimbia kwenda Kenya?" aliuliza.

Nikasema hapana afande, najifunza kwa kujifurahisha. Neno lile lilipotoka nililisikia lilivyo la uongo. Nani Kampala alikuwa anajifurahisha? Nilihisi mkojo unataka kunitoka, nikabana mapaja.

"Hapana danganya mimi. Onyesha sisi vile wewe nakwenda."

Askari mmoja aliingia akakaa mbele yangu, bunduki magotini, mdomo wake ukielekea tumbo langu. Nikapandisha tanga. Kamba ilinitoka mara mbili. Niliomba dua zote ninazozijua, na sikujua naomba nini: mashua iende, niuawe kwa kuwa ninaweza kukimbia, au isiende, na kijana wa watu anayenisubiri nyumbani akose njia. Sitajipamba. Niliomba isiende.

Haikwenda. Tanga lilisimama tambarare kama ukuta, upepo mwepesi ukateleza juu yake na kupita. Tulizunguka mara moja, tukarudi kinyumenyume, tukakwama kwenye mafunjo hatua chache kutoka tulipoanzia. Wale wa nchi kavu walicheka hadi mmoja akakaa chini.

"Hii hapana boti," sajini alisema akijifuta macho. "Hii kitanda. Kwenda nyumbani, mzee, kwenda kulala."

Nami nilicheka. Nilicheka nao kwa sauti, nikapiga na makofi. Kicheko kile huniamsha hadi leo.

Nyumbani nilimwambia shemeji kwamba haiendi. Akasema hewala, atapita barabarani, kwa basi la mpakani. Nilimwongezea pamba mabegani kwenye koti lake ili aonekane mtu mwingine, mtu mnene. Ndilo tu nililoweza kumfanyia. Aliondoka asubuhi, kukiwa na jua na watu wengi, kama alivyoshauriwa. Basi lilifika mpakani. Yeye hakufika. Mke wangu alingoja barua miezi, kisha miaka, na hatukumsomea hitima kwa muda mrefu, kwa sababu kusoma hitima ni kukubali.

Utawala ule wa kijeshi ulianguka. Siku moja, baada ya miaka kadhaa, Mzungu mmoja aliingia dukani na tanga lililochanika, akitaka kiraka. Nililitandaza sakafuni, likavimba katikati. Nikacheka, nikamwambia nitamnyooshea na mishono hiyo iliyopinda, bila malipo ya ziada. Alinishika mkono kwa haraka. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba lile ni tumbo la tanga. Linashonwa makusudi. Upepo unashikwa humo. Bila tumbo, mashua haina cha kuivuta.

Nilimwekea kiraka chake. Alipoondoka nilifunga duka na kukaa kwenye kiti cha wateja, na sikumbuki nilikaa muda gani.

Mwalimu hakunipunja, basi. Mashua ilikuwa nzima. Mikono yangu, kwa ufundi niliojivunia, iliitoa uhai, na siku ile ya askari ni mikono hiyo iliyoniponya. Na mikono hiyo hiyo ilimfungia njia kijana yule.

Mke wangu sijamwambia. Siogopi kelele zake, kelele nimezizoea. Naogopa atanyamaza, aanze kupima moyoni: ndugu yake upande mmoja, mimi upande mwingine. Mimi ni mtu wa vipimo, na kipimo hicho sitaki kukisikia.

Tanga lilikatwa zamani. Kipande chake kikubwa ndicho kinachofunika cherehani yangu, na kila mwezi yeye hukifua na kukipiga pasi. Wiki iliyopita alikitandaza mezani, akakipapasa kwa kiganja kutoka pindo hadi pindo, akasema hajawahi kuona kitambaa kinacholala vizuri namna hii.

Nikamwambia ndiyo, nilikinyoosha mwenyewe.